Jina la Jani na Jina la Chuma

Miaka yangu sita ya kwanza kazini niliitumia katika maabara ya kemia ya mimea dawa, nikishughulika na majani, magome na mizizi, na tangu hapo nimekuwa mkaguzi wa mabomba, matangi na vyombo vya shinikizo viwandani. Wanaosikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba niliiacha fani moja nikaingia katika nyingine isiyohusiana nayo hata kidogo. Mimi sioni hivyo, na sababu yangu ni moja tu: katika kazi zote mbili, makosa makubwa kuliko yote niliyoyaona, yakiwemo yangu mwenyewe, yalikuwa makosa ya kupima kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho sicho.

Kosa langu la kwanza la aina hiyo lilinigharimu miezi saba. Nilikuwa nimepokea gunia la majani makavu yaliyokwisha kusagwa, likiwa na lebo yenye jina la mmea kwa lugha ya kila siku. Nikauloweka unga ule katika ethanoli, nikachuja, nikakausha, kisha nikaanza kulitenga dondoo lake sehemu kwa sehemu kwa kromatografia, nikifuata kila hatua kama nilivyofundishwa. Matokeo yalikuwa safi, na niliporudia jaribio mara tatu yalikubaliana, lakini hayakufanana na chochote kilichokwisha kuandikwa kuhusu mmea ule. Nilianza kuamini kwamba nimegundua kitu kipya. Nilipompelekea matokeo hayo mtaalamu wa mimea wa taasisi yetu, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, hakuitazama hata ile michoro niliyokuwa nimeipanga kwa fahari mezani pake. Aliniuliza, "Mwanangu, ua lake liko wapi?" Nikamjibu, "Mwalimu, mimi nilipokea unga." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hatujui tunazungumzia nini."

Alisema kweli. Jina lililokuwa kwenye gunia langu lilimaanisha tu "mchungu", na mimea inayoitwa hivyo kwa sababu ya ladha ya majani yake ni mingi, mingine isiyo na undugu wowote. Jina la aina hiyo lina thamani kubwa kwa anayelitumia mahali alipokulia, maana yeye anaujua mmea wenyewe na jina ni mkato tu wa ujuzi wake; linapofika maabara peke yake, bila tawi wala ua, ule ujuzi umebaki nyuma. Ndiyo maana utafiti unaokubalika huanza na sampuli rejea: tawi lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda, linalobanwa kati ya karatasi hadi likauke, likabandikwa juu ya karatasi ngumu, kisha likahifadhiwa katika hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa, pamoja na namba yake, tarehe na mahali lilipochumwa, na jina la aliyelichuma. Miaka 50 baadaye, mtu anayeitilia shaka kazi yako anaweza kulitoa tawi lile kabatini akaliangalia kwa macho yake. Hata kama jina la kisayansi la spishi hiyo limekwisha kubadilishwa, mmea wenyewe upo. Mimi sikuwa na karatasi hiyo, kwa hiyo miezi saba ya kazi safi haikuwa na pa kushikia.

Hata kazi iliyosifiwa kuliko nyingi katika fani hii ilipita njia hiyohiyo. Tu Youyou na wenzake mjini Beijing, waliokuwa sehemu ya Mradi 523 ulioanzishwa tarehe 23 Mei 1967 kutafuta dawa ya malaria, walipitia maelfu ya maagizo ya tiba za jadi na kujaribu zaidi ya madondoo 380 ya mimea ipatayo 200 kwa panya walioambukizwa malaria. Mmea ulioitwa qinghao ulionyesha dalili njema mwanzoni, kisha matokeo yakayumba. Sehemu moja ya jibu inajulikana sana: kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, kiliagiza qinghao ilowekwe katika maji na kukamuliwa, bila kutaja kuichemsha, jambo lililomfanya Tu ashuku kwamba joto huiharibu dawa, naye akageukia etha, kiyeyusho ambacho huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi za Selsiasi. Dondoo namba 191, la Oktoba 1971, lilivimaliza vimelea vyote katika panya, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Sehemu isiyosimuliwa sana ndiyo inayonigusa mimi. Jina qinghao lilikuwa likibebwa na zaidi ya spishi moja ya Artemisia, na ni Artemisia annua iliyokuwa na kiasi cha maana cha artemisinini, yaani dawa yenyewe, tena katika majani, tena yakichumwa kabla mmea haujachanua. Asiyelijua hilo angeweza kutumia etha ileile, kwa joto lilelile, akatoka mikono mitupu na kuandika kwa dhamiri safi kwamba mmea ule haufai.

Kuna kisa kingine ambacho kila nikikisoma huwa naweka kalamu chini kwa muda. Mjini Brussels, mapema katika miaka ya 1990, madaktari wa figo walianza kupokea wanawake, wengine wakiwa bado vijana, ambao figo zao zilikuwa zikifa kwa kasi isiyoelezeka. Uchunguzi wa Jean-Louis Vanherweghem na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba wanawake hao walikuwa wamefuata tiba ya kupunguza unene katika kliniki moja, na kwamba mwaka 1990 vidonge vya tiba hiyo vilikuwa vimeongezewa unga wa mimea miwili ya Kichina. Mmoja wa mimea hiyo ulitakiwa kuwa Stephania tetrandra, ambao kwa Kichina huitwa han fang ji. Ulioingia kwenye vidonge ulikuwa Aristolochia fangchi, guang fang ji, wenye asidi ya aristolokia, ambayo huharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Majina yametofautiana kwa neno moja fupi la mwanzo, na mzizi ukishakatwa na kusagwa hauna tena umbo la kumwonya mtu. Walioathirika walizidi 100, na wengi wao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine. Mtu angeweza kuupima unga ule kwa mizani iliyo sahihi kuliko zote duniani, akaugawa kwa miligramu bila kukosea hata mara moja, na bado angekuwa anawapa wagonjwa sumu.

Nilipohamia kwenye ukaguzi nilidhani nimeliacha tatizo hilo nyuma, kwa kuwa chuma hununuliwa kwa vyeti na majani hununuliwa kwa maneno. Bomba linalotoka kiwandani huwa limepigwa mhuri wenye namba ya tanuri, na namba hiyo hurejea kwenye cheti kinachotaja kiasi cha kaboni, kromi, nikeli na manganizi kilichokutwa katika chuma kilichomiminwa siku ile. Huo ni mfumo wa hebaria hasa, na mara ya kwanza kuuona nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Tatizo ni kwamba mhuri hufutika. Bomba hukatwa, kipande chenye namba kikaenda upande mmoja na kisicho na namba upande mwingine, rangi hupakwa juu, kutu hula, fundi hufungua vipande vitatu siku ya matengenezo, akavipanga chini, kisha akavirudisha.

Ndivyo ilivyotokea katika kiwanda kimoja cha kusafishia mafuta huko Texas mwaka 2005. Kwenye mabomba ya hidrojeni ya moto palikuwa na viwiko vitatu, au elbo kama mafundi wanavyoviita, vyenye vipimo sawasawa kabisa. Viwili vilikuwa vya chuma chenye kromi asilimia 1.25 hivi, na kimoja kilikuwa cha chuma cha kawaida cha kaboni, kwa kuwa mahali pake hapakuwa na joto la kuhitaji zaidi ya hicho. Wakati wa matengenezo ya mwanzoni mwa mwaka vilifunguliwa, na viliporudishwa, kile cha kaboni kilifungwa mahali pa mwenzake. Katika joto kali na shinikizo kubwa, hidrojeni hupenya ndani ya chuma cha kaboni na kuungana na kaboni iliyomo, ikafanya methani, ambayo haina pa kutokea na hivyo hukipasua chuma kutoka ndani. Kiwiko kile kilistahimili miezi michache. Tarehe 28 Julai kilipasuka, gesi ikawaka moto, na hasara ikafika dola milioni 30 hivi za Marekani. Kwa bahati njema aliyeumia alikuwa mtu mmoja tu, tena kwa jeraha dogo. Namfikiria mara nyingi fundi aliyevishika viwiko vile mkononi. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuhisi asilimia 1.25 ya kromi.

Sasa nieleze tukio lililonifanya niandike makala haya, lililotokea katika kiwanda kinachozalisha madondoo ya mimea kwa ajili ya watengenezaji wa dawa, na ambalo kwangu lilikuwa mara ya kwanza kuziona fani zangu mbili zikikutana katika ndoo moja. Niliitwa kwa ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka. Nilipofika niliwakuta wanakemia wa kiwanda wamezunguka ndoo ya chuma kisichoshika kutu, nyuso zao zikiwa nzito. Dondoo la majani walilolitoa kwa maji ya moto, ambalo kwa kawaida huwa na rangi ya chai iliyokolea, lilikuwa limetoka jeusi, na pale lilipokuwa jembamba, kwenye ukingo wa ndoo, weusi ule ulikuwa na kivuli cha buluu. Walikuwa na hakika kwamba wameuziwa majani ya mmea mwingine. Mkuu wao, dada mmoja makini sana, alikuwa ameshaandika barua ya kulikataa shehena zima.

Mimi nilitazama rangi ile nikakumbuka benchi la maabara. Katika wiki ya kwanza ya masomo ya kemia ya mimea, mwanafunzi hufundishwa kutambua tanini, zile kemikali za mimea zinazokaza mdomo kama chai kali: huweka matone machache ya kloridi ya chuma katika dondoo, na kama tanini zipo, myeyusho hugeuka mweusi wenye ubuluu au ukijani. Ni mmenyuko uleule uliowapa watu wino kwa karne nyingi, pale chumvi ya chuma ilipochanganywa na tanini za uvimbe wa mwaloni. Ndoo ile ilikuwa imejaa jibu la jaribio ambalo hakuna aliyekusudia kulifanya. Majani, kwa maoni yangu, yalikuwa ni yaleyale. Kilichoongezeka ni chuma, na swali lilikuwa kimetoka wapi, ilhali laini nzima ya mabomba kuanzia tangi la kulowekea hadi kwenye kichujio ilitakiwa kuwa ya chuma kisichoshika kutu.

Nilimwomba yule dada asiitume barua hadi jioni. "Kaka," alinijibu, "nakupa hadi jioni, lakini majani haya siyaamini." Nikachukua sumaku ndogo ninayoibeba mfukoni tangu nianze kazi hii, nikaomba vifuniko vya kihami joto vifunguliwe kimoja kimoja. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 au 316, ambacho ndicho kinachotumika sana katika kazi hizi, kwa kawaida hakivutwi na sumaku, ingawa mahali kilipokunjwa kikiwa baridi kinaweza kuvuta kidogo. Mita baada ya mita sumaku iliteleza. Kwenye kiwiko cha tatu baada ya pampu, kilichofungwa kwa flanji, yaani pete za kuungia mabomba, na kufunikwa vizuri kabisa, sumaku ilinasa kwa kishindo kidogo, na ilinilazimu kuivuta kwa nguvu ili itoke. Nilikisugua kiwiko kile kwa msasa, nikakielekezea kifaa cha mkononi cha eksirei, ambacho husoma elementi za chuma kwa sekunde chache. Hapakuwa na nikeli wala molibdenamu, wala kromi ya kutajika. Kilikuwa karibu chuma kitupu, na manganizi kidogo. Kilipofunguliwa, ndani yake palikuwa na mabonde, na utando mweusi laini uliotoka kwenye kidole kama masizi.

Kumbukumbu za matengenezo zilionyesha kwamba kiwiko cha awali kilibadilishwa wiki tatu kabla, usiku, wakati ghala la vipuri limefungwa. Sikuona sababu ya kumlaumu aliyekibadilisha. Alikuta kipande chenye ukubwa sawa, kinachong'aa, na lililomkosesha ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa sumaku. Hata hivyo sikuishia hapo, kwa kuwa sambamba na laini ile ilipita nyingine ya heksani, kiyeyusho kinachoshika moto upesi, ambacho mvuke wake ni mzito mara tatu hivi kuliko hewa na hutambaa sakafuni badala ya kupaa. Kama kiwiko kimoja kimeingia bila jina, hakuna ajuaye vimeingia vingapi. Tulimaliza siku mbili tukihakiki kila kipande katika laini zote mbili. Cha pili hatukukipata.

Barua ya kulikataa shehena haikutumwa. Lakini nampa heshima yake yule dada, maana hakuridhika na maelezo yangu peke yake. Alichukua majani yaleyale, akayaloweka katika kioo, akapata rangi ya chai. Akatumbukiza msumari katika nusu ya dondoo hilo, na kesho yake akaniita nione weusi. Kisha, pamoja na hayo yote, akatuma tawi kwa mtaalamu wa mimea. Huo ndio utafiti.

Ningependa wasomaji wasidhani kwamba vifaa vipya vimelimaliza tatizo hili. Kile kifaa cha eksirei nilichokisifu hakikioni kaboni, kwa sababu ni elementi nyepesi mno kwake. Kwa hiyo hakiwezi kunitofautishia chuma cha 316 na cha 316L, wakati tofauti yao ni kaboni hiyohiyo, asilimia 0.08 kwa cha kwanza na 0.03 kwa cha pili kama kikomo, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama kiungo kilichochomelewa kitaliwa pembezoni mwake baada ya miaka michache. Kuijua kaboni kunahitaji njia nyingine, kama ile ya kuchoma doa dogo kwa cheche na kusoma mwanga wake. Upande wa mimea, mwaka 2009 wanasayansi walikubaliana kutumia vipande viwili vya DNA, rbcL na matK, kama alama za msingi za kutambua mimea ya nchi kavu, na njia hiyo imeokoa kazi nyingi. Lakini DNA haikuambii kama unga huu ni wa jani au wa mzizi, wala kama mmea ulichumwa kabla ya kuchanua au baada yake, na katika dondoo lililochemshwa na kuchujwa mara nyingi inakuwa imevunjikavunjika. Kila kifaa kina kitu kimoja ambacho hakikioni, na mkaguzi anayekitumia anapaswa kukijua kitu hicho kabla ya kukiwasha.

Hata kipimo cha unene, ambacho watu hukiona kuwa kinasema ukweli mtupu, huanza kwa kuuliza jina. Kifaa hicho hutuma mawimbi sauti yasiyosikika kupitia ukuta wa bomba na kungojea mwangwi wake. Katika chuma cha kaboni sauti husafiri mita 5,900 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta wa milimita 6 hujibu baada ya takriban sehemu mbili za milioni za sekunde. Kifaa hupima muda peke yake. Unene unaosomeka kwenye kioo ni hesabu iliyofanywa kwa kasi ambayo mkaguzi ameiingiza mwenyewe, kulingana na anavyoamini kuhusu chuma kilicho mbele yake. Rangi nayo hudanganya, kwa kuwa sauti hupita polepole ndani yake: tabaka la rangi la sehemu tatu za kumi za milimita, lisipoondolewa wala kuhesabiwa, linaweza kusomeka kama robo tatu ya milimita ya chuma ambacho hakipo. Kwenye bomba lililolika, robo tatu ya milimita ni miaka kadhaa ya maisha ya bomba, inayoandikwa katika ripoti bila kuwepo. Siku hizi, kabla ya kupaka jeli na kuweka kichwa cha kifaa ukutani, naandika katika daftari mstari mmoja: chuma hiki ni kipi, na nimejuaje. Mahali ambapo sina jibu la nusu ya pili, siandiki unene.

Gunia langu la unga bado ninalo, au tuseme mabaki yake, gramu mia mbili hivi katika chupa ya kioo cha kahawia. Mwaka jana nilimwomba rafiki aliyebaki maabara aisome DNA yake, nikitumaini kwamba miezi ile saba ingepata jina hatimaye. Jibu lilirudi na jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, Vernonia, lakini alama zile hazikuweza kuitenganisha spishi na jamaa zake wa karibu, na kwa kuwa hakuna ua hakuna pa kwenda kutoka hapo. Niliitoa lebo ya zamani, nikabandika mpya kama wafanyavyo watu wa hebaria wanapokuwa na jenasi bila spishi: Vernonia sp., na chini yake tarehe.